Mfasiri Asiyejua Kifaransa: Kisa cha al-Fadila, Kairo 1923

Mwaka 1923 ilitoka mjini Kairo riwaya iitwayo al-Fadila. Hadithi yake ilikuwa ya Mfaransa Bernardin de Saint-Pierre, aliyeichapisha mwaka 1788 kwa jina la Paul et Virginie. Aliyeileta kwa wasomaji wa Kiarabu alikuwa Mustafa Lutfi al-Manfaluti, mwandishi aliyependwa kuliko wengi wa zama zake nchini Misri. Manfaluti hakujua Kifaransa. Hakukijua hata kwa kubahatisha.

Jambo hili halikuwa siri. Miaka miwili kabla yake, alipotoa al-Sha'ir, riwaya aliyoitengeneza kutokana na tamthilia ya Edmond Rostand kuhusu Cyrano de Bergerac, alieleza waziwazi katika dibaji kwamba rafiki yake ndiye aliyefasiri kutoka Kifaransa, tena neno kwa neno, akamwomba yeye ainyooshe lugha. Manfaluti aliinyoosha mpaka tamthilia ya kishairi ikawa riwaya ya nathari. Huo ndio uliokuwa utaratibu wake: mwingine anasoma, yeye anaandika.

Na Paul et Virginie haikuwa ngeni kwa Kiarabu. Muhammad Uthman Jalal aliitoa mwaka 1872. Farah Antun aliifasiri tena mwanzoni mwa karne ya 20. Kwa hiyo katika muda wa takribani miaka 50 riwaya moja fupi ya Kifaransa iliingia Kiarabu mara tatu, kwa mikono ya watu watatu wenye elimu na makusudi tofauti. Wawili walikijua Kifaransa vizuri. Wa tatu hakukijua, na ndiye aliyeshinda. Kitabu chake hadi leo kinachapishwa na kusomwa, ilhali vile viwili vimebaki kwa wataalamu.

Kisa hiki nakichambua kwa sababu tunapozungumzia tafsiri, swali la kwanza kinywani mwetu huwa: je, ni aminifu? Ni swali halali, nami nitalifikia. Lakini kwa fasihi ya Kiarabu ya kati ya 1870 na 1925 lipo swali linalolitangulia: je, lugha yenyewe ilikuwa na nathari ya kubebea riwaya? Nathari ile ilikuwa bado inatafutwa, na tafsiri ndiyo iliyokuwa karakana yake.

Hadithi yenyewe

Wanawake wawili Wafaransa wanakimbilia kisiwa cha Morisi, wakati huo kikiitwa Île de France. Mmoja ni Madame de la Tour, wa ukoo wa kiungwana, aliyeolewa na mtu wa chini yake kwa cheo kisha akafiwa. Wa pili ni Marguerite, binti wa wakulima aliyezalishwa na bwana mkubwa akaachwa. Wanajenga vibanda jirani, wanalima, na wanalea watoto wao, Virginie na Paul, kama ndugu. Watoto wanakua wakipendana bila kujua kwamba wanapendana. Kisha shangazi tajiri anamwita Virginie Ufaransa. Anakwenda, anakataa kuozwa huko, anarudi. Meli yake, Saint-Géran, inapigwa na dhoruba karibu kabisa na pwani. Baharia aliyevua nguo zote anamsihi naye avue ili amwokoe kwa kuogelea. Virginie anakataa, anazama. Paul haishi muda mrefu baada ya hapo.

Meli ya Saint-Géran ilikuwapo kweli, na ilizama kweli karibu na Morisi mwaka 1744. Saint-Pierre mwenyewe aliishi kisiwani kati ya 1768 na 1770. Alikuwa rafiki na mfuasi wa mwanafalsafa Rousseau, na riwaya yake inabishana na jamii ya Ulaya: watu ni wema penye maumbile, wanaharibika penye vyeo na fedha.

Ni rahisi kuona kwa nini kitabu hiki kiliwavuta wafasiri wa Kiarabu. Watoto wanaopendana tangu utotoni, wanaotenganishwa na wakubwa, kisha mmoja anakufa na mwingine anamfuata: ni mtiririko ambao msomaji wa Kiarabu alikwisha kuupokea katika kisa cha Qays na Layla, tunachokijua sisi kama Laila na Majnuni. Hakuna uzinzi, hakuna mke wa mtu. Na kilele chake ni kifo kwa sababu ya haya. Mfasiri hakuhitaji kukitetea mbele ya mashekhe wala mbele ya wazazi. Riwaya nyingi za Kifaransa za karne ya 19 hazikuwa na usalama huo.

Jalal, 1872: hadithi ndani ya vazi la vina

Muhammad Uthman Jalal alikuwa mwanafunzi wa Madrasat al-Alsun, shule ya lugha iliyofunguliwa Kairo mwaka 1835 chini ya Rifa'a al-Tahtawi. Tahtawi alikwenda Paris mwaka 1826 akiwa imamu wa ujumbe wa wanafunzi waliotumwa na Muhammad Ali, mtawala wa Misri, akarudi amekijua Kifaransa na amejaa shauku ya kufasiri. Serikali ilitaka vitabu vya jeshi, tiba, uhandisi, jiografia na sheria. Fasihi haikuwa katika orodha.

Fasihi iliingia kwa mlango wa adhabu. Muhammad Ali alipoondoka na mjukuu wake Abbas akashika madaraka, shule ilifungwa, na mwaka 1850 Tahtawi akapelekwa Khartoum kuongoza shule ya watoto. Ulikuwa uhamisho kwa jina tu. Kwa kweli alifukuzwa Kairo. Huko Khartoum, mbali na ofisi, alifasiri Télémaque ya Fénelon, kitabu cha 1699 kinachomfunza mwana wa mfalme ubaya wa utawala wa kiimla. Kilichapishwa Beirut mwaka 1867. Lugha aliyotumia ilikuwa saj', nathari yenye vina mwishoni mwa vifungu, ile ya maqama za al-Hariri, visa vya kale vilivyopambwa kwa vina.

Jalal alifuata nyayo za mwalimu wake. Tafsiri yake ya Paul et Virginie iliitwa al-Amani wa-l-minna fi hadith Qabul wa-Ward Janna. Soma jina hilo kwa sauti utasikia vina vyake: minna, janna. Paul amekuwa Qabul, Virginie amekuwa Ward Janna, na matini yenyewe imejaa saj' na beti.

Wahakiki wa baadaye walimlaumu Jalal kwa hayo, na naona lawama yao haikumtendea haki. Mwaka 1872 mtu aliyetaka hadithi yake ihesabiwe kuwa fasihi hakuwa na mtindo mwingine wa heshima. Nathari ya kawaida isiyo na vina ilikuwa ya wanahistoria, wanasheria na makarani. Hadithi za kubuni zilikuwa za wasimulizi wa mikahawani. Kwa kumvika Paul vazi la maqama, Jalal alikuwa akimwombea kiti mbele ya watu wenye elimu. Wala hakuwa mtu wa mtindo mmoja. Mwaka uliofuata alitoa Tartuffe ya Molière kwa jina la al-Shaykh Matluf, na humo aliandika kwa Kiarabu cha mtaani cha Misri, kwa mashairi mepesi, huku mnafiki wa Kifaransa akigeuka shekhe wa Kimisri. Mtu huyo huyo, kwa mwaka mmoja, alijaribu ncha mbili za lugha: vina vya juu kabisa na usemi wa sokoni. Alichokosa ni cha katikati, na hakuna aliyekuwa nacho.

Saj' ina tatizo moja kubwa kwa riwaya. Kila kifungu kinadai vina, na vina vinadai maneno mawili penye haja ya moja. Dhoruba haiwezi kwenda kasi. Mtu hawezi kukatiza sentensi kwa kilio. Mazungumzo yote yanakuwa na sauti moja, ya mwandishi.

Antun: fikra kwanza

Kwa tafsiri ya pili nitapita haraka, kwa sababu kazi kubwa ya Farah Antun iko kwingine. Alizaliwa Tripoli ya Lebanoni mwaka 1874, akahamia Aleksandria mwaka 1897, akaanzisha jarida la al-Jami'a mwaka 1899. Ndiye aliyebishana na Muhammad Abduh, mwanazuoni wa mageuzi, kuhusu mwanafalsafa Ibn Rushd, mjadala uliotikisa Misri. Kwa Antun, Paul et Virginie ilikuwa njia ya kumleta Rousseau kwa Waarabu. Lugha yake ni ya gazeti: wazi, ya moja kwa moja, bila vina. Hayo ni mageuzi makubwa kwa muda wa miaka 30 tu, na yaliletwa na magazeti. Al-Ahram lilianzishwa Aleksandria katikati ya miaka ya 1870, na baada yake magazeti na majarida yaligundua kwamba hadithi inayoendelea toleo kwa toleo huuza. Wafasiri wengi, hasa kutoka Shamu, waliandika kwa haraka. Inasimuliwa juu ya mmoja wao, Tanyus Abduh, kwamba alisoma ukurasa, akafunga kitabu, akaandika alichokumbuka.

Nathari ya namna hiyo ilifikisha habari. Msomaji alijua kilichotokea kwa Virginie, na fikra za Antun juu ya maumbile na jamii zilieleweka. Kilio kilikuwa bado hakijapata lugha.

Manfaluti: sikio badala ya kamusi

Manfaluti alizaliwa miaka ya 1870 katika mji wa Manfalut, Misri ya juu. Alisoma al-Azhar, akawa mfuasi wa Muhammad Abduh, akawahi kufungwa kwa shairi la kumshambulia Khedive, yaani mtawala wa Misri, Abbas Hilmi. Jina lake lilikua kwa makala alizoandika katika gazeti la al-Mu'ayyad, zilizokusanywa baadaye kama al-Nazarat. Elimu yake yote ilikuwa ya Kiarabu: Qur'ani, mashairi ya kale, nathari ya enzi za Abbasi.

Sasa mweke mtu huyu mbele ya rasimu ya tafsiri ya neno kwa neno. Rasimu hiyo ni Kiarabu kwa maneno, lakini mpangilio wake bado ni wa Kifaransa. Mfasiri anayekijua Kifaransa, akikwama, huinua macho kwenye asili na kutafuta njia ya kuifuata. Manfaluti hana asili ya kuinulia macho. Mbele yake kuna matukio, kuna hisia anazozikisia, na kuna lugha moja tu ya kuzisemea. Kwa hiyo kila sentensi ilipimwa kwa kipimo kimoja: je, inasikika vizuri kwa Mwarabu?

Hapo ndipo ninapoona kiini cha kisa. Kutojua kwake Kifaransa kulikuwa kasoro ya mfasiri, na wakati huohuo ndiko kulikozaa nathari yake. Aliacha vina vya saj' lakini akabaki na mapigo yake: vifungu vinavyolingana urefu, visawe vinavyofuatana, swali linalorudiwa mpaka koo linakaza. Sentensi zake zinakwenda bila kamba ya vina, ila zina pumzi ya msomaji wa Qur'ani. Vijana waliweza kuzihifadhi kwa moyo, na walizihifadhi. Walimu walizitoa shuleni kama mifano ya insha. Kwa mara ya kwanza riwaya ya kisasa iliandikwa kwa Kiarabu ambacho mzazi wa al-Azhar hakuweza kukidharau na mwanafunzi wa sekondari hakushindwa kukielewa.

Nalo lilikuwa na bei yake. Manfaluti aliongeza, alipunguza, alipanga upya. Alipotaka kutoa mawaidha aliyatoa. Hakuna atakayeisoma al-Fadila akadai amemsoma Saint-Pierre.

Tabaruku ya kitabu inaonyesha vizuri alivyoigeuza maana yake. Manfaluti anasema anapenda kuona kwa kijana wa kiume ushujaa, na kwa msichana adabu na haya, na anawapa kitabu hicho vijana wa Misri, wa kiume na wa kike, wajenge maisha yao yajayo juu ya mfano wa Paul na Virginie. Riwaya iliyoandikwa kubishana na vyeo na fedha za Ufaransa imekuwa kitabu cha malezi ya Kimisri.

Na tazama mwaka. Misri ilikuwa imetoka katika mapinduzi ya 1919. Mwaka 1923 ilipata katiba. Mwaka huohuo Huda Sha'rawi, mtetezi wa haki za wanawake, akirejea kutoka mkutano wa wanawake Roma, aliuondoa utaji usoni katika stesheni ya treni ya Kairo. Katika mji huo, mwaka huo, inatoka riwaya ambayo shujaa wake wa kike anachagua kufa kuliko kuvua nguo mbele ya mwanamume, na mwandishi anaikabidhi kwa wasichana wa nchi. Mjadala juu ya mwili na haya ya mwanamke ulikuwa tayari uko moto, na al-Fadila iliingia humo ikiwa na upande wake. Ndiyo maana naona ni makosa kuiita tafsiri mbaya na kuishia hapo. Ilikuwa hoja ya Kimisri iliyosemwa kwa hadithi ya Kifaransa.

Aliyeachwa pembeni

Kuna mtu katika riwaya hii ambaye msomaji wa pwani yetu hawezi kumpita. Mwanamke mtumwa aliyetoroka anafika kwa familia hizo mbili, amekonda, mgongo umejaa makovu. Virginie, mtoto mwenye huruma, anamlisha, kisha yeye na Paul wanamrudisha kwa bwana wake huko Mto Mweusi kumwombea msamaha. Bwana anakubali, macho yake yakiwa kwa Virginie. Baadaye wanapata habari kwamba mtoro yule amefungwa mnyororo mguuni na kuvishwa pingu ya chuma shingoni. Na familia zenyewe, hizo za watu wema wa maumbile, zina watumwa wao wawili, Domingue na Marie.

Morisi iko katika bahari yetu. Watumwa wake walitoka Madagaska, Msumbiji na pwani ya Waswahili. Mwaka 1776, miaka 12 kabla ya riwaya kuchapishwa, Mfaransa aitwaye Morice alitia saini mkataba na Sultani wa Kilwa wa kupatiwa watumwa 1,000 kila mwaka. Shida ya tukio lile imo ndani ya asili yenyewe: Saint-Pierre anaulaani ukatili wa bwana, lakini wema wa watoto wake unaishia kumrudisha mtoro alikotoka. Tabaruku ya Manfaluti inamtaka msomaji atazame ushujaa wa kijana na haya ya msichana. Kwa miongo mingi hivyo ndivyo kitabu kilivyofundishwa na kukumbukwa, na mtoro akabaki kuwa nafasi ya kuonyesha huruma ya Virginie. Tafsiri huchagua nani aonekane, na mwongozo wa mfasiri kwa msomaji ni sehemu ya tafsiri sawa na sentensi zake.

Mashtaka

Pingamizi lilianza kabla ya al-Fadila. Mwaka 1921 Abbas Mahmud al-Aqqad na Ibrahim Abd al-Qadir al-Mazini walitoa al-Diwan, kitabu cha kuvunja sanamu za fasihi ya zama zao. Aqqad alimshughulikia mshairi Ahmad Shawqi. Mazini alimshika Manfaluti: ulaini, utamu, machozi yasiyokwisha, maneno ya msisitizo yanayorundikwa penye udhaifu wa fikra.

Mazini alisema kweli katika mengi. Wahusika wa Manfaluti hulia haraka mno na hufa kwa huzuni kama watu wengine wanavyopata mafua. Lakini mtindo aliokuwa akiushambulia ndio uliomtengenezea wasomaji wa kusikiliza shambulio hilo. Miaka 50 kabla yake hakukuwa na umma wa kutosha wa wasomaji wa hadithi za kubuni ambao ungejali kama nathari ni laini au ngumu.

Pia hakukuwa na njia moja tu. Ahmad Hasan al-Zayyat, naye wa al-Azhar, alitoa Werther ya Goethe mwaka 1920 akiifasiri kutoka Kifaransa alichokijua, na akaonyesha kwamba Kiarabu chenye uzuri kinaweza kukaa karibu zaidi na asili. Muhammad Husayn Haykal alikuwa amekwisha kuchapisha Zaynab mwaka 1913, riwaya ya kijiji cha Misri iliyoandikwa kwa sehemu kubwa Paris, yenye huzuni na mapenzi ya kimaumbile ambayo msomaji wa Saint-Pierre atayatambua papo hapo. Haykal alionyesha kwamba hadithi iliyojifunzwa katika vitabu vya Kifaransa ingeweza kumea katika udongo wa Delta.

Manfaluti alifariki Julai 1924, siku ileile Saad Zaghloul alipopigwa risasi katika stesheni ya Kairo. Zaghloul alipona. Nchi nzima ilikuwa imeshika roho juu ya kiongozi wake, na mazishi ya mwandishi yakapita karibu bila kuonekana. Shawqi aliligusa hilo katika utenzi wake wa maombolezo, akimwambia marehemu kwamba ameichagua siku ya kitisho kuwa siku ya kuaga.

Najib Mahfouz, aliyekuja kuwa mwanariwaya mashuhuri wa Misri, alikuwa na miaka 12 wakati huo. Baadaye, akieleza alivyoanza, alimtaja Manfaluti miongoni mwa waandishi aliowasoma na kuwaiga utotoni. Kisha akaondoka kabisa kwenye mtindo huo. Nathari ya riwaya zake za Kairo ni kavu, yenye kutazama, karibu isiyo na chozi. Ila mtoto huyo alipata riwaya mikononi kwa lugha yake mwenyewe, kwa Kiarabu kilichomfanya atake kuandika.

Katika miaka ya 1950 serikali ya Misri ilianzisha mradi wa Vitabu Elfu, ukitaka tafsiri kamili kutoka lugha za asili. Watu waliofanya kazi ile walikuwa na uhuru ambao Jalal hakuwa nao mwaka 1872. Wangeweza kumwacha Mfaransa abaki Mfaransa, sentensi ndefu ibaki ndefu, na kilio kibaki na ukimya wake, kwa kuwa nathari ya kuyabeba hayo ilikuwapo na msomaji wake alikuwa amekwisha kulelewa. Sehemu ya malezi hayo aliyafanya mtu aliyekuwa akiandika juu ya kitabu asichoweza kukisoma.